Binti Yangu Si Mgeni Chuoni: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo Vikuu na Walezi wa Mabweni ya Wanawake

Kwa Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu, Washauri wa Wanafunzi, na walezi wote wa mabweni ya wanawake,

Shikamooni mlionizidi umri. Wengine, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, mhitimu wa chuo kikuu, na sasa ni mzazi wa binti aliyeanza mwaka wa kwanza. Alipopangiwa chumba alipewa karatasi ya kanuni za bweni, akaipiga picha na kunitumia. Nimeisoma yote. Saa ya kurudi bwenini imewekwa kwa wanawake. Kwa wanaume hakuna. Kuna kitabu getini cha kuandika unakwenda wapi na kwa nani. Kuna michoro ya sketi, vitopu na suruali iliyopigwa alama ya X. Mgeni wa kike haruhusiwi kulala, mgeni wa kiume haruhusiwi hata kukaa kwenye benchi la nje baada ya magharibi. Chuo sitakitaja, kwa sababu nilipowauliza wazazi wenzangu wenye mabinti kwingine nilikuta karatasi zao zinafanana na hii kama mapacha. Bweni nililokaa mimi enzi zangu lilikuwa na karatasi hiyo hiyo, tofauti yetu ni kwamba ya kwetu ilipigwa kwa taipureta.

Kazi yangu imenizoeza kuihoji kanuni kama anavyohojiwa mtu: umezaliwa wapi, na aliyekuzaa alikuwa anaogopa nini? Hizi za kwetu naujua ukoo wao. Mfumo wa bweni lenye mlezi, kitabu cha kutoka na kuingia na saa ya kufunga lango ulikuja na Waingereza, na Waingereza wenyewe walijifunza kuwaweka wanawake chuoni kwa shida na kelele nyingi. Mahali pazuri pa kuona hilo ni Cambridge, kwenye vyuo viwili, Girton na Newnham, hasa miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Naomba mnivumilie niwatembeze huko kidogo, maana hoja yangu yote imekaa hapo.

Girton ilianzishwa na Emily Davies na wenzake mwaka 1869, si Cambridge kwenyewe bali Hitchin, mji ulio mbali kabisa na vijana wa kiume. Mwaka 1873 wakahamia kijiji cha Girton, ambacho nacho kilichaguliwa makusudi kwa kuwa kilomita kadhaa nje ya mji. Newnham ilianza 1871 kwa nyumba ya kupanga yenye wasichana watano chini ya uangalizi wa Anne Jemima Clough. Tangu siku ya kwanza wanawake hawa hawakuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Walikuwa wageni. Walisikiliza mihadhara pale tu mhadhiri alipokubali kuwapokea, na asiyetaka aliwafungia mlango bila kuvunja sheria yoyote. Kuanzia 1881 waliruhusiwa rasmi kufanya mitihani ile ile ya wanaume, majibu yakasomwa na yakabandikwa, lakini shahada hawakupewa. Joho hawakuvaa. Kura ya kuamua mambo ya chuo hawakuwa nayo.

Sasa hebu mfikirie mkuu wa chuo cha wanawake katika hali hiyo. Ana mabinti sabini, mia, mia na hamsini, wote wanaishi kwa hisani ya watu ambao wengi wao wanangoja sababu ya kuwafukuza. Na mji wenyewe haukuwa wa mchezo. Hadi mwaka 1894 wasimamizi wa nidhamu wa Cambridge walikuwa na mamlaka, waliyopewa tangu enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, ya kumkamata mwanamke yeyote wa mjini waliyemshuku akiwa karibu na wanafunzi wa kiume na kumweka ndani katika gereza la chuo lililoitwa Spinning House. Kushukiwa kulitosha. Mwanafunzi wa kiume aliyekuwa naye aliandikwa jina akarudi zake chumbani.

Katika mji wa namna hiyo, kanuni za Girton na Newnham zinaeleweka. Mwanafunzi alisindikizwa darasani na mwanamke mtu mzima, ambaye alikaa pembeni na ufumaji wake huku profesa akieleza hesabu au Kigiriki. Hata desturi hiyo ilipolegezwa madarasani, kunywa chai katika chumba cha mwanafunzi wa kiume bila mwangalizi kuliendelea kuwa jambo lisilowezekana mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipouvuruga utaratibu wote. Sketi za kuchezea hoki, ambazo ziliishia juu kidogo ya kifundo cha mguu, zilikuwa za uwanjani. Mjini ulitoka ukiwa umejifunika. Na huko nyuma, mwaka 1871, wale wanafunzi wa kwanza wa Hitchin walipoigiza vipande vya Shakespeare wakiwa wamevaa nguo za kiume, wao kwa wao, ndani ya nyumba yao wenyewe, Emily Davies alishtuka kiasi cha kuzua ugomvi mkubwa. Hakuona dhambi katika suruali. Aliogopa habari itoke nje, watu waseme: mnaona? Tuliwaambia.

Mama yule simlaumu. Alikuwa analinda mche katikati ya mbuzi. Ila naomba tuiweke hoja yake wazi, maana ndiyo iliyozaa karatasi zenu: *msiwape sababu*. Kila kanuni ilitungwa kwa kumtazama mwanamume anayepinga, aone nini, aseme nini. Msichana mwenyewe na masomo yake walikuja baadaye.

Lakini ukiingia ndani ya vyuo vile, nyuma ya lango, unakuta kitu kingine, na hiki ndicho ambacho walezi wetu hawakukirithi. Sijui kama kilisahaulika njiani au hakikuwahi kupakiwa.

Cha kwanza ni chumba. Kila mwanafunzi wa Newnham alikuwa na chumba chake mwenyewe. Mchana kitanda kilitandikwa kikageuka kochi. Girton walikwenda mbali zaidi: vyumba viwili kwa kila mtu, cha kulala na cha kukaa na kusomea, vikiwa na sehemu ya moto na ndoo ya makaa ya mawe. Kwa msichana wa Kiingereza wa wakati ule, aliyezoea kuitwa sebuleni kila mgeni anapobisha hodi, amimine chai na kusikiliza mazungumzo ya shangazi, mlango wa kuufunga kwa ndani ulikuwa mapinduzi. Aliweza kusoma saa tatu mfululizo bila kuulizwa anafanya nini. Wengi walioandika kumbukumbu zao uzeeni walikitaja chumba kabla ya kumtaja profesa.

Usiku, saa nne hivi, vitabu vikifungwa, kulikuwa na kakao. Mwanafunzi mmoja aliwaalika wenzake wawili watatu, maziwa yakachemshwa kwenye moto wa chumbani, kila mtu akaja na kikombe chake na biskuti alizotumiwa na mama. Hapo ndipo urafiki ulipoundwa, kwa taratibu ambazo leo zinachekesha. Waliitana "Miss" Fulani kwa majina ya ukoo kwa wiki na miezi, mpaka mmoja, kwa kawaida aliyetangulia mwaka, apate ujasiri wa kumwomba mwenzake rasmi waitane kwa majina ya kwanza. Ombi hilo lilikuwa na jina lake na adabu zake, karibu kama posa. Ukikataliwa ni aibu ya kwenda nayo kitandani. Nilipowasimulia wanafunzi wangu wa kidato cha sita walicheka mpaka wakalia, kisha mmoja akauliza kama kwa maziwa yale walichangishana au alilipa mwenye chumba. Swali zuri kuliko mengi ya kwenye mtihani. Sikuwa na jibu.

Newnham walikuwa na bunge. Jioni za mijadala ukumbi uligeuka Bunge la Uingereza: waziri mkuu, mawaziri, upinzani, miswada, serikali kuangushwa kwa kura. Waliojadili kodi na Ireland kwa ukali ule hawakuwa na haki ya kupiga kura hata ya kumchagua mbunge; wanawake wa Uingereza waliipata kwa sehemu mwaka 1918, na kwa usawa na wanaume mwaka 1928. Juni 1908, maandamano makubwa ya kudai kura yalipofanyika London, wanawake waliosoma Cambridge waliandamana na bendera yao ya hariri ya buluu iliyobuniwa na Mary Lowndes.

Na maabara. Maabara fulani za chuo kikuu ziliwakatalia, basi mwaka 1884 wakafungua ya kwao, Maabara ya Balfour, ndani ya jengo lililokuwa kanisa. Humo Edith Rebecca Saunders alifundisha biolojia kwa miaka mingi, na kwa mimea aliyoipanda akashirikiana na mwanabiolojia William Bateson katika utafiti wa urithi wakati elimu ya jenetiki ndiyo kwanza inapata jina. Maabara ile ilifungwa 1914, pale ambapo milango ya maabara za chuo ilikuwa imefunguka vya kutosha.

Kemia Newnham ilifundishwa na Ida Freund, mzaliwa wa Austria. Alipoteza mguu mmoja ujanani kwa ajali ya baiskeli na alijisukuma kwa kiti cha magurudumu. Alikuwa mkali; vitabu vya kiada aliviona vinalemaza akili, akawalazimisha wanafunzi kurudi kwenye majaribio na maandishi ya wanakemia wenyewe. Sasa mtazameni mwalimu huyu mkali: kuna mwaka, mtihani umekaribia, wanafunzi wameitwa maabara wakidhani wanakwenda kubanwa maswali. Wakakuta jedwali la elementi limepangwa mezani kwa keki ndogo ndogo, kila keki mahali pake, na alama ya elementi imeandikwa juu kwa sukari. Wakarudia jedwali lote, kisha wakalila. Nimefundisha miaka mingi na nimehudhuria semina nyingi za ufundishaji shirikishi, zenye posho na zisizo na posho. Sijaona somo lililoandaliwa kwa mapenzi kuliko lile.

Bustanini Newnham walikuwa na darubini. Mwaka 1919 alifika pale Cecilia Payne kusoma botania na sayansi nyingine, akasikiliza mhadhara mmoja wa mwanaastronomia Arthur Eddington, akageuzwa moja kwa moja kuwa mtu wa nyota. Akaikuta ile darubini imetelekezwa, akaifufua, akaanza kuangalia anga usiku kutoka bustani ya bweni lake. Huko nje, kwenye darasa la fizikia la Ernest Rutherford, kanuni zilimtaka mwanamke akae mstari wa mbele. Yeye alikuwa peke yake. Rutherford alianza kila mhadhara kwa kumkazia macho na kusema kwa sauti nzito "Mabibi na mabwana", na wavulana wote nyuma wakashangilia na kupiga miguu sakafuni. Kila mhadhara. Mwaka 1923 aliondoka kwenda Marekani, na tasnifu yake ya 1925 ndiyo iliyoonyesha kwamba nyota zimeumbwa zaidi kwa haidrojeni.

Nisipotaja watumishi nitakuwa nimewadanganya. Makaa yale hayakujipandisha ngazi. Waliowasha moto, kubeba maji ya moto na kusafisha vyumba vile walikuwa wasichana wa vijijini, wengi wao wadogo kuliko wanafunzi waliowahudumia. Walirudi makwao bila cheti chochote, na historia haikuwaandikia kurasa nyingi. Sisemi turudi huko.

Ninachosema ni kwamba walezi wale walikuwa na mikono miwili. Mmoja ulitoa chumba, moto, maabara, darubini, maktaba na ukumbi wa mjadala. Mwingine ulishika kitabu cha getini na urefu wa sketi. Mkono wa kwanza ulimhudumia mwanafunzi, wa pili ulimhudumia jirani mwenye hasira. Na ule wa pili, wapendwa, haukununua kitu.

Angalieni matokeo. Mei 1897, baada ya zaidi ya miaka ishirini ya adabu isiyo na doa, hoja ya kuwapa wanawake shahada ilipelekwa kwenye kura. Philippa Fawcett, mwanafunzi wa Newnham, alikuwa ameshawazidi wanaume wote katika mtihani wa hesabu mwaka 1890, mtihani uliokuwa fahari ya Cambridge kuliko yote. Haikusaidia. Waliokataa walizidi 1,700, waliokubali hawakufika 700. Wanafunzi wa kiume walikuwa wametundika sanamu ya mwanamke aliyepanda baiskeli juu ya barabara mbele ya jengo la kupigia kura. Matokeo yalipotangazwa waliishusha, wakaichana vipande vipande na kwenda kuvisukumia kwenye lango la Newnham. Kumbukeni ni nani waliokuwa wakisindikizwa darasani kwa ajili ya heshima.

Kati ya 1904 na 1907 Trinity College ya Dublin ilikubali kuwatunuku shahada wanawake waliofaulu Oxford na Cambridge. Zaidi ya 700 walipanda meli, wakavuka bahari ya Ireland, wakavaa joho kwa siku moja na kurudi. Wengi walikuwa walimu wakuu na walimu wa shule waliohitaji herufi za shahada baada ya majina yao mbele ya waajiri.

Oktoba 1921 wakajaribu tena. Oxford ilikuwa imekubali mwaka mmoja nyuma yake. Cambridge ikakataa uanachama kamili, ikatoa shahada ya jina tu, isiyo na kura wala joho, na idadi ya wanawake ikawekewa kikomo cha 500. Hata ushindi huo haukuwatosha baadhi ya vijana: walichukua mkokoteni, wakaufanya gogo la kubomolea, wakayagonga malango ya shaba ya Newnham mpaka yakaharibika. Malango yale yalijengwa kwa kumbukumbu ya Anne Clough, yule mama aliyewasihi mabinti zake wasimpe mtu yeyote sababu.

Uanachama kamili ulipatikana mwaka 1948. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Cambridge iliwaweka wanawake ugenini miaka 79 kabla ya kuwakabidhi jembe.

Sasa turudi nyumbani. Makerere ilianza 1922 ikiwa ya wanaume, na kauli mbiu yake ilisema, kwa Kiingereza, na tuwe wanaume. Mwaka 1945 walipoingia wanawake sita wa kwanza, kauli mbiu ikabadilishwa: tunajenga kwa ajili ya siku zijazo. Walibadilisha maneno ya kwenye nembo kwa ajili ya watu sita! Na Dar es Salaam, Chuo Kikuu kilipofungua milango mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria, mmoja wao alikuwa Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria. Hakuandikishwa kwa hisani ya mhadhiri. Hakuna aliyemwambia utasoma lakini joho hutavaa. Hakuna sanamu iliyotundikwa, hakuna lango lililobomolewa.

Binti yangu ameomba udahili kwa mfumo ule ule na wenzake wa kiume. Ada ni ile ile. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, linawachelewea wote. Akifeli atadisko, yaani ataondolewa chuoni, kama wao, akifaulu atavaa joho kama wao. Huyu ni mwenyeji. Kwa nini basi anapewa kanuni zilizotungwa kwa ajili ya mgeni anayeogopa kufukuzwa? Yuko wapi huyo jirani mwenye hasira mnayejaribu kumridhisha kwa michoro ya sketi?

Najua mtanijibu: wazazi ndio wanaotaka. Ni kweli, wapo, na vikao vya wazazi nimehudhuria. Lakini mzazi anapouliza "mtoto wangu atakuwa salama?", jibu la kitabu cha getini ni jibu la swali jingine. Kitabu kinasema alitoka saa ngapi. Hakisemi kama njia ya kutoka maktaba hadi bwenini ina taa. Kwenye chuo nilichosoma mimi maktaba ilifungwa saa nne usiku, na lango la wanawake lilifungwa saa tatu na nusu. Mwanaume alikuwa na nusu saa zaidi ya kusoma kila siku, na ukichukua muda wa kutembea ni karibu saa nzima. Wiki ya mitihani tulikuwa tunaacha vitabu vya akiba mezani vikiwa wazi, vile visivyoazimishwa, na wao wanabaki navyo. Hakuna aliyetunga kanuni hiyo ili tufeli. Hakuna pia aliyewahi kukaa chini akapiga hesabu. Cecilia Payne angewekewa saa tatu na nusu, nyota angeziona wapi?

Saa ya kufunga lango ikionekana haina budi, iwe ya bweni la wanaume pia, kisha tuone itadumu miezi mingapi.

Na chumba. Tunapozungumzia maadili ya mabinti bwenini, mbona hatuanzi na kitanda? Ninyi mnajua kubebana kuliko mimi: chumba cha watu wanne kinalala wanane, kitanda cha futi mbili na nusu kinabeba wawili, mmoja kichwa huku na mwingine kule, kwa sababu nafasi hazitoshi na kupanga mtaani ni gharama na hatari. Msichana anayebebwa hana pa kuweka daftari. Anasoma kwenye ngazi, kwenye chumba cha kufulia, au anaweka kengele ya simu saa tisa usiku wakati wenzake wamelala ili ajipatie meza. Girton walijua mwaka 1873 kwamba mlango wa kufunga kwa ndani ndio nusu ya shahada. Sidai vyumba viwili na makaa. Nadai pesa ya mabweni ijadiliwe kwenye mabaraza ya vyuo kwa ari ile ile inayojadiliwa mavazi, na kwa muda angalau ule ule.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote, nalo pia tunaweza kujifunza Girton. Mwishoni mwa miaka ya 1870, baada ya moto kuzuka jirani na chuo, wanafunzi walianzisha kikosi chao cha zimamoto. Miongoni mwa waanzilishi alikuwa msichana aliyekuja kujulikana kwa jina la Hertha Ayrton, mhandisi na mwanafizikia wa umeme. Kikosi kilikuwa na kapteni na wasaidizi wake, pampu za mkono, ndoo zilizopitishwa mkono kwa mkono kwenye korido, na mazoezi ya mara kwa mara ambayo yalikuwa sehemu ya maisha ya bweni kama kakao yenyewe. Kiliendelea mpaka 1932. Wasichana ambao hawakuaminiwa kunywa chai na mvulana waliaminiwa kuokoa jengo zima na waliomo.

Karatasi ya binti yangu haina hata mstari mmoja kuhusu moto. Nilimwuliza mlango wa dharura uko wapi, akasema upo mwisho wa korido, una komeo na kufuli, na ufunguo yuko nao mlinzi ili watu wasipenyeze wageni. Madirisha yana nondo.

Waheshimiwa, sisi si watu wa kukumbushwa. Juni 1994 Shauritanga, Rombo, wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini. Machi 1998 Bombolulu, pwani ya Kenya, wakafa zaidi ya 20. Zilikuwa shule za sekondari, ninyi mna vyuo vikuu, lakini nondo ni nondo na kufuli ni kufuli. Mlango unaofungwa ili mvulana asiingie ni mlango ule ule ambao msichana hatatoka.

Kwa hiyo ninayoomba ni haya. Kanuni zote za mabweni ziandikwe upya, ziwe moja kwa wanafunzi wote, na kila kipengele kiwe na sababu iliyoandikwa chini yake; kisicho na sababu ya usalama au ya masomo kiondolewe. Maktaba na lango vikubaliane saa. Taa ziwekwe njiani kabla ya bango jingine la mavazi kuchapishwa. Wawakilishi wa wanafunzi wa kike wakae kwenye kikao kinachoamua hayo wakiwa wajumbe wenye kura, wasiitwe mwishoni kusomewa maazimio. Kuhusu fedha za vyumba najua hamzichapishi ninyi, ila bajeti mnaiomba ninyi.

La moto halihitaji bajeti wala mwaka wa fedha. Kufuli za milango ya dharura zitolewe wiki hii, na mahali pake iwekwe komeo inayofunguka kwa ndani kwa mkono mmoja. Nondo za madirisha zifanyiwe bawaba, angalau dirisha moja kila chumba. Kila ghorofa lichague wasichana wake wa kuongoza watu kutoka, wafundishwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la wilaya, na mazoezi ya kwanza yafanyike usiku, kwa sababu mchana hayatawaonyesha mnachopaswa kukiona. Mkihitaji mtu wa kuja kuwasimulia wanafunzi jinsi Girton walivyokipanga kikosi chao, mimi nipo, na nauli nitajilipia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, na mama wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza